Saa ya Kugeuka

Somo: Mathayo 4:5–7

Ibilisi alimsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, tena akamtajia Zaburi kwamba malaika watamchukua. Bwana alikataa. Ahadi ya ulinzi haikuwa ruhusa ya kumjaribu Mungu.

Wapo wapendwa wanaopanda milima mirefu, na kupanda si dhambi. Vilele ni vyake Bwana, yasema Zaburi ya 95, na wengine huenda kustaajabia kazi yake. Wengine huenda ili waonekane, au wakimbie huzuni. Mwanzoni mwa safari nia hizi hufanana. Hutengana pale mwili unapodai kurudi.

Ukishavuka mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni ni haba, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, usipande tena mpaka dalili ziishe. Mtu akipepesuka, akashindwa kutembea kwenye mstari mnyoofu kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, ubongo wake huenda umevimba. Akihema hata akiwa ameketi, huenda mapafu yanajaa maji. Mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku, mita 300 hadi 1,000, wala asishuke peke yake.

Shida ni kwamba mgonjwa huyo mara nyingi husema, "Mimi mzima." Amelipa fedha nyingi, anaona haya kuwakwamisha wenzake, na ubongo uliokosa oksijeni hautambui udhaifu wake. Lakini anayeficha kwa makusudi anamkosea jirani, kwa kuwa watakaombeba nao watahatarisha uhai wao.

Tarehe 10 Mei 1996, kwenye mlima Everest, baadhi ya wapandaji walifika kileleni baada ya saa nane mchana, wakati walipopaswa kuwa wameshaanza kushuka. Dhoruba iliwakuta njiani, na watu wanane wakafa mlimani humo. Ernest Shackleton naye, mvumbuzi wa nchi ya barafu ya Antaktika, tarehe 9 Januari 1909, alikuwa amebakiza kama kilomita 180 kufika Ncha ya Kusini. Chakula kilikuwa kimepungua mno. Akageuka, na wote wanne wakarudi hai. Kwangu mimi, uamuzi ule ni mkubwa kuliko kufika.

Kwa hiyo saa ya kugeuka, mwe mmefika kileleni au hamjafika, ipangwe kambini, akili ikiwa bado timamu, na kila mmoja aitamke mbele ya wenzake. Aliye dhaifu kuliko wote apewe haki ya kusema "turudi" bila kuulizwa mara mbili. Mwachie mtu aliye chini maandishi ya njia mtakayopita, majina yenu, na saa ambayo asipowasikia awaite waokoaji. Kisha ombeni, mkiwa tayari kujibiwa kwa mawingu yanayofunga kilele.