Kimya cha katikati ya "sette"

Mwaka 2012 nilikuwa nikifundisha Kiitaliano jioni mjini Malindi, katika chumba cha ghorofani tulichoazimwa. Wanafunzi walikuwa tisa, wote watu wa kazi: wahudumu wa hoteli, dereva wa tuktuk, wachonga vinyago, na nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa akipeleka wageni kutazama matumbawe. Kiitaliano Malindi hakikuja na vitabu. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia satelaiti kule Ngomeni miaka ya 1960, hoteli nazo zikaongezeka, na watu wakakiokota ufukweni na jikoni. Wanafunzi wangu walikisema kwa kasi, bila woga. Ila konsonanti ile ile ikijirudia mara mbili, kama tt au nn, kwao ilikuwa moja.

Jioni moja weita mmoja, kijana wa Shela, alikuja amenyong'onyea. Mchana alikuwa akiwatajia wageni vyakula, akafika kwenye tambi ziitwazo penne, akatamka n moja. Neno hilo likipungukiwa n moja hugeuka kuwa jina la utupu wa mwanamume. Meza nzima ikaangua kicheko. Wakamwomba alirudie, akalirudia, wakacheka tena.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nasema vile vile wasemavyo wao."

Hakuwa akibisha. Sikio lake halikusikia tofauti, na miezi mitatu ya kumwambia "kaza hiyo n" haikumsaidia kitu. Hilo liliniuma kuliko kile kicheko.

Wiki iliyofuata nikaja na laptopu, modemu na spika mbili ndogo. Nilikuwa nimeandaa video ya watu wakiagiza chakula mkahawani, tuisimamishe na kuiga sentensi moja moja. Video haikufunguka. Kile kiduara kilizunguka tu, bando ikiliwa, kisha stima ikapotea tukabaki na mwanga wa skrini. Nikaiacha. Nikajaribu Forvo, mahali ambapo wenye lugha yao hurekodi neno moja moja; sauti ya neno moja ni kitu kidogo, hata modemu ile iliweza kuivuta. Maneno yale nikayapitisha kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi isiyohitaji intaneti: juu "sete", yaani kiu, chini "sette", yaani saba.

Mawimbi ya bluu yakajichora. Katika "sete", ile e ya kwanza ilikuwa pana, imejaa, kisha mstari mnyoofu mfupi, kisha "te". Katika "sette", e ilikatwa mapema, na mstari mnyoofu ukaenda karibu mara mbili ya ule wa juu.

"Hapa pana nini?" akauliza weita, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Hapana kitu. Ulimi umeziba njia, unangoja."

Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Kumbe wananyamaza!"

Miezi yote ile nilikuwa nikiwaambia wakaze, nao wakaongeza nguvu, neno likatoka kama ukelele. Kumbe walichohitaji ni kufupisha irabu iliyotangulia, kisha kungoja.

Nahodha alikuwa kimya muda wote. "Mwanangu," akasema, "hilo si geni. Sisi tuna kaa la moto, na tuna kaa wa baharini." Yule wa baharini alimtamka kwa pumzi, kama anayepuliza vumbi. Dereva wa tuktuk, mzaliwa wa bara, akaapa kwamba amesikia neno lile lile mara mbili. Tukarekodi. Kaa la moto, a ilianza papo hapo baada ya k. Kaa wa baharini, katikati pakatokea nyuzi nyembamba kama manyoya: pumzi yenyewe. Maandishi yetu hayaionyeshi. Nahodha aliitazama pumzi yake kwenye skrini bila kusema neno, na weita akamtazama dereva, mtu mzima mwenye akili zake, asiyesikia kitu kilicho wazi kwa kila mtoto wa Shela.

Tukarudi kwenye penne. N haina kimya, inavuma mfululizo, kwa hiyo picha yake si wazi kama ya t. Nikawa natafuta namna ya kueleza, weita akanitangulia.

"Mwalimu, si ni nne hii? Pe, halafu nne. Moja, mbili, tatu, nne."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. N ile nzito tunayo, tunahesabu nayo kila siku. Akarekodi polepole, akarekodi haraka, akiisogeza nne karibu na pe, sote tukitazama mawimbi hadi betri ikaanza kuonya.

Faili ile ninayo mpaka leo. Ina majaribio 11. Katika la mwisho, mara baada ya neno, nahodha anasikika kwa nyuma: "Eee, hiyo sasa."