Gunia la Mkopo

Juzi jioni binti yangu alinikuta chumbani nimejifunika kanga gubigubi, simu karibu na mdomo, narekodi somo la leja. Akasimama mlangoni.

"Mama, unaongea na nani humo?"

"Na wanafunzi."

"Mbona hawajibu?"

Kanga ni ya kuzuia mwangwi tu, lakini swali lake likanirudisha Isyesye, Mbeya, kwenye ile nyumba ya bati, mwaka 2020.

Vyuo vilifungwa Machi. Hakuna aliyenituma, nilijitia kimbelembele mwenyewe, nikasema utunzaji wa hesabu hausubiri korona. Siku tatu nzima nilitengeneza slaidi 64, zenye mishale na rangi za kila aina. Ratiba nikaihamisha kutoka darasani kama ilivyo: Jumanne saa nne asubuhi, saa mbili mfululizo, kwenye Zoom ya bure. Kwamba ya bure inakata dakika ya 40, nilikuja kulijua hilo hadharani.

Wanafunzi 31, walioingia sita. Nimefika slaidi ya tisa, mvua ikaanza. Mvua ya Aprili ya Mbeya mnaijua, ikishuka kwenye bati hata mawazo yako huyasikii. Nikawa napaza sauti kama mpiga debe wa Kabwe: "Ukiuza gunia la viazi kwa mkopo, unaandika wapi?"

Kimya. Majina sita kwenye weusi. Nikauliza tena, nikaanza kujiona mjinga, nimevaa koti la kazini na kandambili.

Mara kipaza sauti kimoja kikafunguka. Kwanza upepo, halafu mbuzi. Alikuwa kijana wangu mmoja wa Kilolo, amepanda kilimani nyuma ya kwao kutafuta mtandao. Kabla hajasema neno, nikasikia sauti ya mama pembeni.

"Nani huyo anayefoka?"

"Mwalimu wangu, mama."

"Umemkosea nini?"

"Anauliza gunia la mkopo linaandikwa wapi."

Mama akacheka, cheko refu la mtu aliyewahi kudhulumiwa. "Si unaandika jina la aliyechukua! Na unaandika kwamba umeuza. Halafu alfajiri unamfuata kwake kabla hajaenda shamba."

Kwa lugha ya uhasibu: debiti mdaiwa, krediti mauzo. Slaidi ya 23 mpaka ya 31, amezimaliza kwa pumzi moja. Kasoro ile ya alfajiri, ambayo kwenye vitabu vyetu haimo, ingawa ingefaa iwemo.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwalimu. Sasa niambie na wewe: akija mnunuzi na lumbesa, naandika gunia moja au moja na nusu?"

Slaidi ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, sikuwa nayo. Nikafungua mdomo nijibu, Zoom ikakata.

Baada ya hapo nikaacha slaidi. Nikawa natuma sauti za dakika nne kwa WhatsApp, swali moja mwishoni, na kila mwanafunzi amtafute mtu wa nyumbani anayeuza chochote, amwandikie daftari la wiki. Majibu yalikuwa yakiingia usiku wa manane, saa za bando la bei nafuu. Nilijiona mgunduzi mpaka nilipomsimulia baba. Akaniangalia tu. Mwaka 1973 yeye alikuwa kiongozi wa kikundi kijijini, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya: redio katikati, kijitabu mkononi, kipindi kikiisha mnajadili mtakachofanya kwenu. Watu kama milioni mbili nchi nzima, bila bando.

Madaftari yalirudi 22. Tulipofungua chuo Juni, nikamuuliza binti mmoja kati ya wale tisa wasioleta kulikoni. "Madam, simu yangu ni ya tochi." Namba yake nilikuwa nayo muda wote. Kumpigia tu, dakika nne zilezile, halikunijia kichwani. Bado hilo linanikera kuliko zile slaidi 64.

Hii kozi mpya ninayoirekodi ina slaidi 58. Nimeshazihesabu, msiniulize.

Binti yangu akainua pindo la kanga, akaingia humo ndani nilimo. "Basi niulize mimi."

Nikamuuliza gunia la mkopo linaandikwa wapi.

"Gunia la nini?" akasema.