Kipeo kimoja zaidi juu: nilivyoipata N² = M³

Nilikuwa na opereta mbili, M na N (opereta ni kanuni inayogeuza fungsheni moja kuwa nyingine), nikitafuta polinomia inayozifunga pamoja, yaani mlinganyo wa vipeo vyake unaotoa sifuri. Kila niliyemuuliza namna ya kuipata alinijibu vilevile: "Si utumie Cayley–Hamilton tu?" Huo ni ushauri wa mtu asiyewahi kushika opereta mkononi. Kanuni ile, isemayo kwamba kila matriksi huutimiza mlinganyo wake wenyewe unaotokana na determinanti, inataka vilivyomo ndani ya matriksi vizidishwe bila kujali kipi kimetangulia. Humu ndani mna D, yaani derivativu, na Dx ni xD + 1. Hiyo determinanti utaianzia wapi?

Opereta zangu ni hizi, zote matriksi za 2 kwa 2. M, mlalo wa juu: D² − 2/x², kisha −2D + 2/x, wa chini: 0, kisha D². N, juu: D³ − (3/x²)D + 3/x³, kisha −3D² + (3/x)D, chini: 0, kisha D³. Wanahisabati Burchnall na Chaundy walionyesha tangu 1923 kwamba opereta za kawaida za derivativu, zisizo matriksi, zenye PQ = QP lazima zifungwe pamoja na polinomia. Nami nikaitaka ya hizi zangu.

Kuzidisha kavukavu nilijaribu. N² peke yake ilikula kurasa, na alama za kutoa zikawa zinapotea kama sarafu mfukoni.

Sasa sikia ujanja. Usizidishe opereta; zilishe vipeo vya x. Ila usiweke xⁿ juu na chini, vipeo vitapishana. Juu weka a·xⁿ⁺¹, chini b·xⁿ. M inarudisha (n−1)[(n+2)a − 2b]xⁿ⁻¹ juu, n(n−1)b·xⁿ⁻² chini: umbo lilelile, n imeshuka kwa 2. N inarudisha n(n−2)[(n+2)a − 3b]xⁿ⁻² juu, n(n−1)(n−2)b·xⁿ⁻³ chini. Umeiona ile 2 na ile 3? Tumia zote mbili, uanze na M au uanze na N, kwenye mabano unapata (n+2)a − 5b, na vizidishi vya nje ni vilevile, kwa hiyo MN = NM. N mara mbili: 6b. M mara tatu: 6b. Nilicheka peke yangu mezani. Na kwa kuwa inakubali kwa kila n, a na b, N² − M³ haina pa kujificha: ni sifuri.

Cayley–Hamilton ina mahali pake, tuseme haki. Chukua majibu ψ ya mlinganyo Mψ = λψ, λ ikiwa namba, nafasi ya vipimo 4; humo N ni matriksi ya namba tupu. Hata hapo inakupa polinomia (μ² − λ³)², μ ikisimama mahali pa N, mraba mzima ambao hukuuhitaji.