Nilivyoimudu James Eagan Layne kwenye maji ya nyuzi 11

Nilijifunza kuzamia Nungwi, Unguja, kwa kaptula na fulana. Nilipohamia Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, nilikaa miaka miwili nikiitazama bahari kutoka ufukweni. Kilichonitoa nyumbani ni James Eagan Layne, meli ya mizigo ya Kimarekani iliyopigwa torpedo Machi 21, 1945, ikielekea Ubelgiji. Ilivutwa hadi ghuba ya Whitsand, ikakaa chini humo. Hakufa mtu, na kwangu hilo lilikuwa kubwa. Kaburini mwa watu nisingeingia.

Baridi yenyewe haikunishinda. Kazi ilikuwa vazi. Huku unavaa vazi kavu, lisiloingiza maji, na nguo nzito ndani yake. Ukishuka linakubana, hivyo unabonyeza kitufe kifuani kuongeza hewa. Hewa hiyo sasa inatembea. Siku ya kwanza, kwenye ziwa la machimbo, niliinamisha kichwa; yote ikakimbilia miguuni, nikaanza kupanda miguu juu. Mwalimu alinidaka pezi. Akanifundisha kujikunja, kupinduka, kisha kuinua kiwiko cha kushoto hewa itokee vali ya begani. Nilirudia wikiendi nne. Nyumbani nilivaa glavu zile nene, nikafumba macho, nikawa natafuta kitufe kwa kupapasa.

Mwezi Mei tukateremka kwa kamba ya boya. Maji ya kijani, ukungu mtupu, halafu ghafla chuma. Mabamba ya ubavuni yameliwa na kutu, mbavu zimebaki wima, na mwanga unapenya kama jua kwenye paa la makuti yaliyochakaa. Ndani ya ngama, chumba cha mizigo chini ya meli, nikakuta vichwa vya sururu, lundo zima, vimegandana hadi vimekuwa jiwe moja. Matundu ya mipini bado yapo. Nikatia kidole kwenye moja, nikakaa hapo kitambo. Miaka yote hiyo, na haikuwahi kutiwa mpini.

Dakika ya 25, kwenye mita 21, vidole vilikufa ganzi. Nikampa mwenzangu ishara. Tukapanda taratibu, kiwiko juu, tukasubiri dakika tatu kwenye mita 5. Hewa ikatoka kidogokidogo, bila mshtuko.

Kwenye boti sikuweza kufungua chupa ya chai, akanifungulia yeye. Jumamosi bahari ikitulia tunarudi. Nataka kuiona tezi, sehemu ya nyuma ya meli, iliyokatika ikalala peke yake mchangani.