Fulana ya chungwa haitoshi
Hapa Winnipeg, Kanada, Septemba inapokaribia kuisha shule hujaa fulana za rangi ya chungwa. Mwanangu anajua chanzo chake: mwaka 1973 Phyllis Webstad, mtoto wa miaka sita, alivuliwa fulana mpya ya chungwa aliyonunuliwa na bibi yake, siku ya kwanza katika shule ya bweni, zile zilizowekwa ili kuwaachisha watoto wa wenyeji lugha na mila zao. Zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili wa Kanada walipitia shule hizo.

Lakini kuvaa ni rahisi, jamani. Mimi ningependa aalikwe mzee wa Waanishinaabe, mojawapo ya jamii za wenyeji hao, apewe tumbaku kabla ya kuombwa maarifa, kama mila inavyotaka, alipwe, na kengele isimkatize. Kisha arudi Januari. Hadithi zao nyingi husimuliwa theluji ikiwa imetanda.