Komiki za zamani: chambua kama mtumba

Mimi nimekulia Tanga, na Jumamosi mama alikuwa ananibeba kwenda naye mitumbani. Kazi yangu ilikuwa kushika mfuko tu, yeye anageuza nguo nje ndani, anaangalia makwapa, anavuta zipu mara tatu, ananusa kola, ndio anataja bei, na ni bei ambayo muuzaji lazima acheke kwanza. Mi naona aibu natazama pembeni. Sasa hivi niko Houston mwaka wa tisa huu, nakusanya komiki za zamani za Kimarekani, vile vitabu vyembamba vya hadithi za picha, na kila nikijifanya nimesahau ya mama napigwa.

Kupigwa kwa kwanza kulikuwa hivi. Komiki ya kampuni ya Marvel ya 1974, jalada linang'aa, rangi kali, kona zimekaa vizuri, jamaa anataka dola 60 nikambembeleza mpaka 45 nikajiona mjanja wa mjini. Ilikuwa ndani ya nailoni imebandikwa na selotepu na mimi nikaona noma kumwambia afungue, nikalipa nikasepa. Nimefika home nimenawa mikono nafungua taratibu, nafika ukurasa wa barua za wasomaji, tobo! Kidirisha cha mraba kimekatwa na mkasi, tena mkasi wa mtoto maana hata hakijanyooka, unachungulia unaona ukurasa wa mbele yake. Kumbe kuanzia mwaka huo Marvel walikuwa wanachapa vistempu humo ndani, seti ya kwanza iko 100, watoto wanakata wanabandika kwenye kitabu chake maalumu. Mtoto alifurahi zake miaka hamsini iliyopita, hasara nimekula mimi.

Na hii sio kwa vikomiki vidogo tu. Hulk namba 181 ya Novemba 1974, ile ambayo shujaa Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza, iliuzwa senti 25 na leo ni maelfu ya dola, na yenyewe ina stempu. Ikiwa imekatwa, bei inaanguka vibaya hata kama jalada ni kama limetoka kiwandani jana. Kwa hiyo ukishika komiki ya 1974 au 75, jalada liache kwanza, nenda kwenye barua.

Halafu hesabu kurasa. Nyingi za miaka hiyo zina kurasa 32 ukitoa jalada, zimeshikwa katikati na pini mbili, sasa ile karatasi ya katikati kabisa ndio ya kwanza kuchomoka, mtu anauza bila hata kujua haipo. Angalia pini kama zina kutu, kutu inakula karatasi pole pole. Nusa. Ndio, nusa, harufu ya ukungu haitoki hata uianike mwaka mzima. Pitisha macho kwenye mgongo wa kitabu uone kama kuna selotepu au mtu kapaka rangi na makapeni kuficha michubuko, hao wapo wengi tu.

Kuna kampuni inaitwa CGC, wameanza mwaka 2000, unawapelekea komiki wanaipa alama ya hali yake kuanzia 0.5 mpaka 10 wanaifungia kwenye boksi la plastiki gumu. Watu wanaangalia namba tu, lakini na rangi ya lebo inaongea. Bluu ni ya kawaida, zambarau ujue imekarabatiwa, kijani kuna kasoro kubwa wameitaja pale pale, kama hiyo stempu yangu. Sasa kuna wauzaji mtandaoni wanapiga picha ya namba kubwa na lebo inatokea nusu. Mimi boksi nalikubali kwa kitabu cha bei ndefu, ila komiki ya mwaka juzi yenye 9.8 kwa dola 150 wakati dukani bado iko mpya kwa bei iliyochapwa kwenye jalada, aisee hapo unanunua plastiki.

Wazee wa huku wanayajua haya kwa uchungu. Mwaka 1992 Superman, wa kampuni nyingine ya DC, alipouawa kwenye komiki yake namba 75, watu walipanga foleni, wengine wakachukua nakala kumi kumi zile za mfuko mweusi, hawakufungua, eti ada ya mtoto ya chuo. Zikachapwa mamilioni na kila mtu akatunza, leo naziona kwenye makasha kwa hela ya chakula cha mchana. Mwaka 1996 Marvel wenyewe wakafilisika, wakaenda mahakamani.

Mi siku hizi nanunua nzee iliyochoka lakini kamili. Shujaa Black Panther alianza kwenye Fantastic Four namba 52, Julai 1966, senti 12, na tangu ile filamu ya 2018 hiyo haishikiki kwa mshahara wangu. Lakini Black Panther namba 1 ya 1977, ya Jack Kirby, nimeipata kwa dola 25 sababu jalada lina mkunjo kona ya chini. Mkunjo! Mama angenunua mbili. Na bei usiulize inayotajwa, ingia eBay chuja zile zilizouzwa tayari, kutaja bei hata mi naweza kutaja.

Ninayoitafuta sasa ni Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, shujaa Storm anatokea humo, Profesa X, kiongozi wa X-Men, anamkuta Kenya watu wanamwabudu kama mungu wa mvua. Angalia isiwe ile iliyochapwa upya, inafanana mpaka matangazo ya ndani, soma yale maandishi madogo na ushike karatasi. Jumapili iliyopita kwenye maonyesho ya komiki niliikuta moja halisi, jalada la nyuma limechanika, kurasa zote zipo, nimehesabu mara mbili. Nilisubiri mpaka saa kumi jioni maana muda huo wauzaji wanafikiria kubeba makasha kurudi kwenye gari, nikataja bei. Mzee akacheka.

Nimemwachia namba yangu. Bado hajapiga.