Rojo lipande, maji yashuke: nilivyopunguza rangi ya maji machafu ya ateliye yangu

Ateliye yangu iko Kadutu, kwenye mteremko, kama karibu kila kitu hapa Bukavu. Tunatengeneza karatasi kwa mkono: kadi za harusi, majalada ya daftari, mifuko ya zawadi. Malighafi ni mashina ya migomba kutoka Kabare, yale ambayo wakulima huyaacha yaoze shambani baada ya kukata mkungu, tukiongeza karatasi kuukuu za ofisini. Tuko watu wanne. Mpiko mmoja ni kilo 10 za nyuzi kavu, na zamani mpiko huo ulikula bidoni 50 za maji, yaani lita 1,000. Zote ziliishia kwenye mfereji unaoshuka kuelekea mto Kahuwa, na Kahuwa inaingia Ziwa Kivu.

Siku moja mama mmoja anayefua nguo huko chini alipanda hadi kwangu na beseni kichwani. Hakupiga kelele. Alilitua beseni, akatoa shuka jeupe na kulitandaza juu ya ukuta wangu. "Papa, kuya uangalie bitambaa byangu." Shuka lilikuwa na mawimbi ya rangi ya kasiksi, kana kwamba mtu amelimwagia pombe ya ndizi na kuliacha likauke. Jioni ile shefu wa avenyi, mkuu wa mtaa wetu, naye alipita, akakaa, akanywa chai, akasema maneno mawili matatu. Nikaelewa kwamba safari ijayo hatakuja kwa chai.

Nilichokuwa nakifanya ni hiki. Tunakata mashina, tunayapika na soda kostiki katika pipa la chuma kwa saa nne. Huku juu, kwenye mita karibu 1,500, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, ndiyo maana hata maharagwe yetu yanachelewa kuiva. Soda inayeyusha lignini, ile gundi inayoshikamanisha nyuzi za mmea, na maji yanageuka meusi. Tunamwaga, tunaosha mara tano. Kisha tunapausha kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu bibi harusi hataki kadi ya kahawia, tunaosha tena, tunamwaga tena. Nilikuwa nimezoea kuuona upaushaji kama sehemu safi ya kazi: rojo, yaani nyuzi zilizopikwa zikalainika, linaingia la kahawia, linatoka jeupe. Kumbe lignini iliyosalia inatolewa pale pale na kuondoka na maji. Maji ya baada ya upaushaji yalikuwa na rangi ya chungwa, na yalikuwa mengi.

Kwanza nilitafuta kitu cha kuweka mwisho wa bomba. Nilijenga chujio la kokoto na mchanga. Mchanga hukamata kinachoelea, lakini lignini imeyeyuka kama sukari kwenye chai, ikapita bila hodi. Niliongeza makala, yaani mkaa wa jikoni, yaliyopondwa. Yalisaidia kwa nusu bidoni, kisha yakachoka. Shabu, ile chumvi ya kutuliza maji yenye tope, ilifanya kazi kweli: rangi ilishuka chini na maji yakabaki kama mkojo wa mtoto. Ila ilinipa tope kama uji, tope ambalo halikauki wakati wa mvua, na sikuwa na pa kuliweka.

Halafu nikadanganyika na siki. Kijana wangu mmoja alimwaga siki kwenye chupa ya maji machafu kwa utundu tu, na rangi ikapungua mbele ya macho yetu. Nilifurahi hadi nikanunua siki ya jumla. Wiki nzima tulikuwa tunatia siki pipani kabla ya kumwaga, na mfereji ukaonekana wa heshima. Bahati nzuri kuna jioni nilikaa nikafikiri. Nilichukua glasi ya yale maji yaliyopauka nikatia tone moja la soda. Rangi ilirudi yote. Kemikali hizi za lignini huonekana nyeusi zaidi maji yakiwa na magadi na nyepesi yakiwa na asidi, lakini hazijaenda popote. Tena nilishuka ufukweni na karatasi za pH, zinazoonyesha kama maji yana asidi (chini ya 7) au magadi (juu ya 7), nikapima maji ya Kivu: ziwa letu lenyewe lina pH karibu na 9, upande wa magadi. Kwa hiyo nilikuwa nafunika rangi hapa ili ifunuliwe kule chini. Baadaye nilisoma kwamba viwanda vikubwa vya karatasi, kabla ya kupima rangi ya maji, huirekebisha kwanza pH iwe 7.6. Bila hivyo kila mtu angetangaza ushindi kwa siki.

Katika kusoma huko ndipo nilipokutana na habari za Canton, mji mdogo wa North Carolina, Marekani. Kiwanda cha karatasi kilianza kazi pale mwaka 1908 kando ya mto Pigeon, ambao unatoka hapo kuingia jimbo la Tennessee. Kwa miongo mingi watu wa Tennessee walilalamikia rangi ya mto. Katika miaka ya 1990 kampuni iliyokuwa ikikiendesha, Champion, ilianza kuyarudisha maji ya upaushaji nyuma kiwandani. Maji yaliyotoka kupausha rojo jeupe yalitumika kuosha rojo la kahawia, na kutoka hapo yakaingia pamoja na maji meusi ya kupikia kwenye boila inayochoma lignini na kuokoa kemikali. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2023, lakini wazo lile lilinikaa kichwani. Mimi nilikuwa nasafisha mwisho wa bomba, wao waligeuza mwelekeo wa maji.

Na hapo mteremko wa Kadutu, ambao nimeulaani miaka yote kwa sababu ya kubeba bidoni, ukawa mtaji. Tulichonga ngazi nne ardhini, kila moja na pipa lake. Chini kabisa ni moto na pipa la kupikia. Juu yake pipa la kuoshea rojo la kahawia. Juu tena pipa la kupaushia, na juu kabisa pipa la mwosho wa mwisho, ambako maji safi yanaingia. Rojo linapanda kwa ndoo kutoka ngazi hadi ngazi. Maji yanashuka yenyewe kwa mpira: yaliyoosha rojo jeupe yanakwenda kupaushia, yaliyopausha yanakwenda kuosha rojo la kahawia, na yaliyoosha rojo la kahawia yanakuwa maji ya mpiko unaofuata. Maji safi hayaingii mahali pengine popote isipokuwa juu. Vijana walinung'unika, kwani rojo bichi ni zito na ngazi zinateleza. Niliwaongezea kitu kidogo, tukaendelea.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Bidoni 50 zikawa chini ya 15. Halafu asubuhi moja, katikati ya mpiko, moto ukazimika kwa mshindo wa mvuke. Pipa lilikuwa limetoboka. Lilikuwa na vishimo vidogo kama vya sindano, kimoja kimepanuka hadi kidole kinaingia, na nusu ya maji meusi ilikwenda mfereji ule ule nilioahidi kuulinda. Nilikwenda mwenyewe kumwambia yule mama asifue siku ile.

Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimelisoma kabla halijatokea, nikalipita kama mtu anayepita maandishi madogo kwenye mkataba. Pale Canton hawakurudisha maji hivi hivi. Walilazimika kujenga mtambo wa kuondoa kloridi na potasiamu, ambazo hulundikana kwenye mzunguko na kuiharibu boila, na mwingine wa kuondoa madini. Javeli ina klorini. Kila mara niliporudisha maji yake, chumvi ya kloridi iliongezeka mzungukoni bila njia ya kutoka, na kloridi huula chuma. Nilikuwa nimefunga mlango wa nyuma bila kuangalia nani yumo ndani.

Sina uwezo wa kujenga mtambo wa kuondoa kloridi. Kwa hiyo niliiacha javeli. Sasa tunapausha kwa ile dawa ambayo watu wa saluni wanaita oksijene, yaani peroksidi ya hidrojeni, ila yetu ni kali zaidi, asilimia 35, kutoka kwa muuza kemikali. Kwa mpiko mmoja inatosha chini ya nusu lita, pamoja na soda kidogo, nyuzijoto 70, saa mbili. Ikimaliza kazi inabaki maji na oksijeni, haiachi kloridi. Onyo kwa atakayejaribu: inachoma ngozi hadi inakuwa nyeupe, na bidoni yake ina kifuniko chenye tundu la kupumua. Usikibadilishe kwa kifuniko cha kawaida na usiiweke juani. Mimi niliona bidoni ikivimba kama tumbo la mbuzi, nikakimbia.

Jaribio la kwanza la oksijene liliniaibisha mbele ya mteja. Pipa lilifura povu, likamwagika, na baada ya dakika kumi dawa yote ilikuwa imekufa huku rojo likiwa bado la manjano. Sababu ni chuma. Kutu ya pipa la kupikia ilikuwa imesafiri na rojo, na chuma, shaba na manganizi huivunja peroksidi kabla haijafanya kazi. Mgomba wenyewe hunyonya manganizi kutoka ardhini. Na kwa kuwa nilikuwa nazungusha maji, madini hayo nayo yalikuwa yanazunguka na kuongezeka, kama kloridi ilivyofanya. Hapo ndipo nilipoelewa kile kipande cha pili cha Canton, mtambo wa kuondoa madini.

Dawa yake ilipatikana sokoni. Kati ya mwosho wa kahawia na upaushaji niliongeza hatua moja: rojo linalowekwa nusu saa katika asidi ya sitriki, ile ya unga inayotumika kutengeneza juisi. Asidi hiyo hushika madini na kuyatoa kwenye nyuzi. Maji ya hatua hii, bidoni nne, ndiyo pekee ambayo bado yanakwenda mferejini. Yana manjano kidogo tu. Tunayatuliza kwa majivu kabla ya kuyamwaga. Kwenye pipa la oksijene, ambalo sasa ni la plastiki, tunatia kijiko cha chumvi ya Epsom kutoka famasi ili dawa isivunjike haraka. Pipa la kupikia tulinunua jipya. Tangu hapo povu limetulia.

Sina mashine ya kupima rangi. Ninachofanya ni kuchukua glasi moja ya maji machafu na kuongeza maji safi, glasi baada ya glasi, hadi ukiweka chupa juu ya karatasi nyeupe huoni tofauti na maji safi. Kabla ya kupima naweka pH ileile kila mara. Zamani maji yote yakichanganywa yalihitaji kuzimuliwa mara 30. Haya ya asidi yanahitaji mara 10. Lakini mtu asitazame namba hiyo peke yake, maana ukipunguza maji bila kupunguza uchafu rangi inakolea. Zidisha kwa lita: zamani ni mara 30 kwa lita 1,000, leo ni mara 10 kwa lita 80. Soda nayo imepungua kutoka kilo moja na nusu hadi kilo moja na robo hivi kwa mpiko, kwa sababu maji ya upaushaji yanashuka na soda ambayo haijatumika. Gharama ya oksijene imekula faida hiyo na zaidi, nisiwadanganye. Bei ya kadi imepanda.

Na rangi yenyewe iko wapi? Iko kwenye bidoni nne nyeusi kwa kila mpiko, zinazotoka kwenye pipa la kupikia. Kiwanda kikubwa kingezichoma kwenye boila. Nilijaribu kuzirudisha kupikia tena. Rojo likatoka jeusi na likanywa oksijene mara mbili. Sasa tumeweka bati pana juu ya bomba la moshi wa jiko letu, maji meusi yanapungua humo polepole hadi yanakuwa mazito kama asali iliyoungua. Uji huo nauchanganya na vumbi la makala na udongo, tunabonyeza makaa ya matofali. Yanashika vizuri, lignini ni gundi bado. Lakini kwa sababu ya soda yananyonya unyevu. Msimu wa mvua yalilainika kwenye gunia, na majivu yake yanakula mabati ya mbabula, yaani jiko la makaa. Kwa hiyo natia kidogo tu, na makaa hayo tunayachoma sisi wenyewe chini ya pipa la kupikia, siyauzi.

Yule mama bado anafua pale. Juzi alinituma mtoto aulize kama tumefunga ateliye, maana mfereji umekaa siku nyingi bila rangi. Nyuma ya nyumba zimebaki bidoni 11 za maji meusi zinazosubiri bati, nimezizungushia waya watoto wasizifikie. Nikipata bati la pili kabla ya Juni nitazikausha zote kwa jua la kiangazi.